Kibendera cha Luteni Machibya

Katika chuo cha ukamanda, maofisa wanaosomea shahada ya uzamili waliizunguka meza ya mchanga yenye umbo la mto na vilima. Kanali Mwandambo alichomeka kibendera chekundu ng'ambo ya mto.

"Kosa lilikuwa hapa. Luteni Machibya alivuka bila amri, akaangamiza kikosi chake."

Damu ilimchemka Meja Kezia. Machibya alikuwa amefia mikononi mwake.

"Afande, amri ya kuvuka ilitoka makao makuu. Niliisikia redioni."

"Makao makuu hayakosei, Meja. Umekuja kusoma, si kufukua makaburi."

Kezia aliking'oa kibendera, akakichomeka kwenye kilima cha makao makuu.

"Kirudishe."

Hakukirudisha. Alikikinga kwa kiganja, na wenzake wakaacha kuandika.