Mtihani wa Upishi wa Mokami

Mke wangu aliuawa kwa risasi akiokota mawe ya dhahabu kwenye kifusi cha mgodi. Wakubwa wa mgodi wakatupoza, eti binti yetu Mokami asomeshwe upishi, aajiriwe kuwapikia walinzi.

Siku ya mtihani niliitwa nishuhudie. Mkuu wa walinzi akisema chakula ni kitamu, Mokami amepata kazi.

Mkuu alitafuna samaki, akalamba vidole, akacheka.

"Kitamu, binti! Mama yako angejua kupika hivi, nisingemlenga."

Mokami alishika kwa vitambaa karai la mafuta yanayochemka, akalinyanyua. Matone yalimrukia mkononi, ngozi ikavimba malengelenge. Hakulitua.

"Baba?"

Neno langu moja lingemzuia.

Nikaenda mlangoni, nikafunga kwa ndani.