Betri za Kwapani

Tangu asubuhi Gervas alikuwa amewasha mwanga wote wa GPS yake, kifaa cha kuonyesha njia, akiitazama kila hatua kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Sasa ukungu ulikuwa umefunika mlima waliokuwa wameupanda, na chaji ilikuwa ukingoni.

"Mashine mbovu hii," alisema.

Sikitu, mchumba wake, alimpokonya kifaa, akachomoa betri zilizopoa kwa baridi, akazibana kwapani mpaka zikapata joto. Akazirudisha, akapunguza mwanga. Mshale ukaonyesha njia ya kushukia, naye akaizima GPS ili kutunza chaji.

"Haya, nipe nikuongoze," Gervas alisema, akinyoosha mkono.

Sikitu alivua pete ya uchumba, akaiweka kwenye kiganja hicho, akaanza kushuka. Nyuma yake, ndani ya ukungu, viatu vya Gervas vilisikika vikiharakisha.