Mtaalamu wa Hisa wa Saluni

Mtaalamu aliposema "bado sijajua," wanawake wote wa saluni walinyong'onyea kama walioambiwa maji yamekatika na nywele bado zina dawa.

"Hebu fikiria tena, shemeji," nesi mstaafu alimbembeleza, akimsogezea paja la pili la kuku. "Bila neno lako sisi hatuna macho."

Mkewe, mwenye saluni, aliendelea kukunja taulo. Yeye ndiye aliyempa kazi hii, baada ya mume kuiteketeza akiba ya nyumbani kwenye hisa na kulala sebuleni mwezi mzima. "Baba watoto," alimwambia siku hiyo, kwa upole uliomshangaza, "fedha hutazigusa tena. Lakini njoo uwashauri wenzangu wa kikundi."

Mganga hajigangi, mume alijifariji. Matokeo ya ushauri wake hakuwahi kuyauliza. Draya mpya za nywele zilizopangwa ukutani zilimtosha kuwa ushahidi. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mkewe amwamini tena.

Leo swali lilikuwa zito. Kikundi kiweke akiba yake yote kwenye ile kampuni kubwa ya simu na kompyuta sasa hivi, au kisubiri kwanza bei ishuke?

Akafumba macho. Akiharibu na hapa, hana tena pa kuuweka uso wake.

"Msiguse," alisema hatimaye. "Itaanguka kabla mwezi haujaisha."

"Una uhakika?" fundi cherehani alimuuliza, simu tayari mkononi.

"Nikikosea, msiniite mwanamume."

Nyuso zikachanua. Nesi akapiga makofi. Mkewe alimsindikiza hadi mlangoni, akamnyoosha kola ya shati.

"Ahsante, mume wangu. Sijui tungefanyaje bila wewe."

Nusura machozi yamtoke. Alikuwa amesahau jinsi neno "mume wangu" linavyosikika kinywani mwake.

Alifika kwenye kona ya mtaa ndipo akakumbuka miwani yake. Akarudi upesi, bado anatabasamu. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, na sauti ya mkewe ilitoka wazi.

"Haya, mmemsikia wenyewe, tena leo kaapa kabisa. Nunueni hisa kwa akiba yote, sasa hivi. Na Jumamosi ijayo kuku asikosekane. Huyu mtu siku akianza kupatia, tumekwisha."