Kaka Zako Wanatungoja

Siku Tunu alipopata moyo wa kwenda sinema peke yake, ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Picha ilikuwa imeanza kunoga pale mama mmoja asiyemjua alipokuja kuketi ubavuni mwake, ilhali viti vingine vingi vilikuwa wazi.

"Usigeuke, mwanangu," alinong'ona. "Kuna mwanamume nyuma yetu. Tangu uingie hatazami picha, anakutazama wewe. Ana kovu shavuni."

Tunu alilijua kovu lile. Lilikuwa la mume ambaye yeye Tunu alimtoroka, akahama mji kwa kumwogopa.

Nyuma yao kiti kililia. Nyayo zikateremka polepole, zikasimama kando ya safu yao.

Yule mama akaukamata mkono wa Tunu, akapaza sauti kama mzazi aliyezoea kugomba: "Kula bisi zako, we mtoto! Kaka zako wanatungoja hapo mlangoni."

Tunu, ambaye hakuwa na kaka hata mmoja, akatia bisi mdomoni.

"Sawa, mama," akajibu.

Nyayo hazikuondoka. Kivuli kirefu kililala juu ya viti vya mbele, na yule mama akaukaza mkono wa Tunu kama anayejishikiza yeye mwenyewe.