Daftari la Mlangoni

Mama aliomba Mungu jina la binti yake lisiwemo.

Daftari lilikuwa kubwa, pembe zimeliwa na mikono. Kila aliyeingia maktaba ya chuo aliandika humo jina lake, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mkutubi, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bwana Kimya, alimvutia mama kiti.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Akamtajia jina. Uso wa Bwana Kimya ukachanua.

"Kumbe wewe ndiye mama yake Mwalimu!"

"Mwalimu gani? Wangu yuko mwaka wa pili tu."

"Ndivyo wanavyomwita wenzake. Anawaelekeza hesabu pale dirishani, mpaka nawafukuza nikafunge."

Mama hakugeuka kutazama dirisha. Mwaka mzima binti alikuwa akirudi nyumbani giza limeshaingia, na jibu lake lilikuwa moja: "Nilikuwa maktaba, mama." Jirani aliposikia alicheka mpaka akashika kiuno. "Maktaba! Za siku hizi zina ndevu, shoga yangu. Utaletewa mjukuu huku umekodoa macho." Maneno yale yakamkaa mama kifuani, yakamnyima usingizi.

"Kwani asiazime kitabu akasomee nyumbani?" aliuliza. Yeye aliishia darasa la saba, na vitabu vya shule yao walirudi navyo mkobani.

"Kingine hakitoki humu, mama. Kiko kimoja, wanafunzi themanini. Halafu hapa kuna taa, kuna utulivu, kompyuta ni za bure. Aliniambia nyumbani mnalala watano chumba kimoja."

Mama akafungua daftari. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, midomo ikitamka polepole. Akauona mwandiko wa binti, ule wa kulalia kushoto. Jumatatu, kuingia saa tisa, kutoka saa moja na nusu. Jumanne, hivyo hivyo. Alhamisi ile aliyompiga kofi mbele ya wadogo zake, kuingia saa tisa na robo, kutoka saa mbili kasorobo.

Akafunua nyuma, mwezi baada ya mwezi, akitafuta japo siku moja tu ya uongo. Moja ingemtosha.

Hakuipata.

"Ila wiki hii sijamtia machoni," alisema Bwana Kimya. "Na mitihani ndiyo hiyo, Jumatatu. Mwambie afanye haraka, wenzake wanamngoja."

Mama alilifunga daftari taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Hawezi kuja, mwanangu," alisema. "Jumamosi nilimwoza."