Gome la Mjafari

Sikudhani alimkuta Bi Msiwa, mganga wa mitishamba, akiupaka mjafari wake, mti wa dawa ya kifua, udongo mbichi. Gome lilikuwa limebanduliwa kuuzunguka mti mzima. Wanaojua hubandua kipande cha ukubwa wa kiganja tu, upande linakochomoza jua, kisha hukiziba kidonda.

"Angeniomba ningempa," alisema Bi Msiwa bila kugeuka. "Sasa mti utakufa, na watoto wa mji mzima wanakohoa."

Sikudhani alimweka mwanawe vizuri mgongoni. Juzi kisimani alicheka na wenzake, wakimwita bibi huyu Mama Mizizi. Mtoto alipobanwa kifua, aliona haya kubisha hodi. Jana alfajiri akaja kwa siri na kisu.

Mtoto alikohoa kidogo. Bi Msiwa akaja, akaweka sikio mgongoni mwa mtoto.

"Kifua kimefunguka. Umempa nini, mwanangu?"

Sikudhani aliutazama mti. Bi Msiwa akamtazama, halafu akamsogezea ndoo ya udongo.

"Haya, paka upande ule."

Udongo uliisha kabla mikono yao haijakutana. Sikudhani akaweka viganja vyake pale palipobaki wazi, maji ya mti yakimchuruzikia vidoleni, akabana.