Babu wa Jina Letu

Siku hizi mzee asiye na mtoto huishi kwa watu wa ukoo wake, na ukoo hutambuliwa na mtambo unaosoma nyaraka za mkoa. Ndivyo mzee Anyosisye alivyofika Tukuyu, kwa Ambokile Mwalukasa na mkewe Sekela. Mtambo ulilikuta jina lake katika rejista ya zamani ya ubatizo, ukasema yeye ni mdogo wake babu wa Ambokile.

Aliishi nao mwaka mzima. Alimenya ndizi jikoni, akailalamikia baridi, akamfundisha binti yao Tusa kupiga mluzi.

Kisha afisa ustawi akaja na gari.

“Mtambo umesoma upya,” alisema. “Huyu ni Mwalukosa, si Mwalukasa. Ndugu zake wako Kyela.”

“Lakini Tusa anamwita babu,” Sekela alisema.

“Atamzoea mwingine, mama. Wa kwenu halisi mtaletewa Ijumaa.”

Mzee Anyosisye alivaa koti taratibu. Aliwashukuru kama mgeni, akamnyoshea Tusa mkono. Tusa alikataa kuupokea, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Ijumaa akaletwa mzee Asajile Mwalukasa, mrefu na mpole. Sekela alikuwa amebadilisha mashuka, ila chumba bado kilinuka ugoro wa yule mwingine.

“Karibu nyumbani, baba,” alisema. “Nipe begi nikupangie nguo.”

Mzee alilivuta begi karibu na miguu yake.

“Liache tu, mwanangu,” alisema. “Mtambo bado unasoma.”